Mwambie Aseme Inauma

Masuguru, Korogwe
Jumatano, 2 Juni 2004

Kwa Baba yangu, Mzee Parsaoti,

Shikamoo Baba. Natumaini barua hii itakukuta mzima, kifua kimetulia baada ya baridi ya masika, na mama yetu, Yeyo, naye goti halimsumbui sana. Sisi huku hatujambo. Meshaki anaendelea na kazi yake kwenye duka la dawa za mifugo, watoto wanakwenda shule, na Nkoile mdogo ameota meno mawili ya chini, anayajaribu kwenye kila kitu pamoja na bega langu. Mimi bado nauza maziwa asubuhi. Mwilini sina ugonjwa wowote. Nina hasira tu, na nimeona nikuambie mapema usije ukafika katikati ya barua ukashangaa.

Nimeandika kwa herufi kubwa makusudi. Ulijifunza kusoma ukubwani, kwenye darasa la watu wazima, na najua ukikutana na mwandiko uliobanana unamwita mtu akusomee. Barua hii usimpe mtu. Isome mwenyewe hata ikikuchukua siku mbili.

Yako niliipata Jumapili kwa mkono wa kondakta wa basi la Handeni. Umesema nimekuvua nguo mbele ya watu. Umesema Tiampati amefika nyumbani hasemi wala hali, na siku alipofungua kinywa alikuambia kwamba dada yake amemtangaza kwa daktari kuwa analia kama mtoto mchanga. Umesema mtoto wa kike hana ushahidi juu ya maumivu ya mwanamume. Mwisho umeniagiza nimwombe radhi mdogo wangu, nifunge mdomo, nimwache daktari afanye kazi yake Alhamisi ya juma lijalo. Nimeisoma mara tatu, Baba. Radhi sitaomba, na mdomo sifungi.

Wewe habari hii umeisikia vipande vipande, tena kutoka kwa mtu aliyenuna. Acha nikupangie tangu mwanzo.

Siku ile ya Desemba, mnadani Chanika ya Handeni, Tiampati alikuwa akimpakilia ng'ombe yule mfanyabiashara wa Dar es Salaam. Siku hizi mwenye lori yeyote anakuja kununua, na kila mmoja anataka kuwatangulia wenzake kufika mjini, kwa hiyo ng'ombe wanasukumwa kama magunia. Dume likarudi nyuma, likambana Tiampati kwenye ubavu wa lori, na bati lililochanika likamkata kifundo cha mkono wa kulia mpaka ndani. Bwana yule alimfunga kwa kitambaa cha kufutia kioo, akamwambia pole, akapandisha dume lake akaondoka. Mpaka leo hajauliza kama aliyemfungia kile kitambaa yu hai. Huyo nilishamlaani, simrudii.

Dokta Mbaruku alimpasua juma lile lile kwenye hospitali ya misheni. Aliziunga kano zilizokatika, zile zinazovuta vidole, akaunga na mshipa wa fahamu, ule unaopeleka habari kutoka vidoleni kwenda kichwani. Mimi nilikuwapo alipoeleza. Alisema kano zitashika, lakini mshipa wa fahamu ukikatika, sehemu ya mbele hufa, na ule uliobaki huota upya kutoka pale ulipoungwa, taratibu sana, unene wa ukucha kwa siku. Unaweza kufika vidoleni, unaweza kukwama njiani kwenye kovu. Mpaka ufike, mkono utakuwa umekufa ganzi kuanzia kidole gumba hadi cha kati.

Sina haja ya kukueleza maana yake. Wewe mwenyewe ndiye uliyemfundisha Tiampati kutoa kupe ndani ya sikio la ndama bila kuangalia, kwa vidole tu. Tangu Desemba akishika kamba inamponyoka, akifunga kifungo cha shati lazima akikodolee macho. Mwanamume wa miaka ishirini na mitatu anafungwa vifungo na dada yake.

Daktari akatuambia kwamba hapa Korogwe kuna zahanati ya mtu binafsi yenye mashine ya mawimbi ya mshtuko. Haipasui, haichomi sindano. Inagonga ngozi kwa nguvu, mfululizo, na mshindo wake unaingia ndani kuuamsha mshipa uote. Hakutudanganya, alisema hata wataalamu wenzake hawajakubaliana juu yake, ila yeye ameona imewasaidia baadhi ya watu na haoni sababu ya kutojaribu. Mgonjwa apigwe mara moja kwa juma, na yeye atapita kila mwezi kuangalia mshipa umefika wapi.

Sasa hapa, Baba, soma polepole. Huku kwetu hakuna kitu kinachoweza kumwonyesha daktari mshipa umefika wapi isipokuwa mdomo wa mgonjwa. Anagonga kwa ncha ya kidole kuanzia kwenye kovu kwenda kiganjani, na mahali ambapo mshipa umefika mgonjwa husikia mchomo unaokimbia hadi vidoleni, kama kukanyaga siafu. Mgonjwa akisema hapa, daktari anaandika hapa. Mwezi unaofuata mahali pale pakisogea mbele, mshipa unaota. Mgonjwa asiposema kitu, mshipa umekwama.

Na wewe siku anaondoka nyumbani ulimwambia nini? Ulimwambia mbele ya wenzake wa rika kwamba aende akawaonyeshe watu wa mjini mtoto wa boma lako ni nani. Uliwakumbusha wote kwamba siku ya jando hakupepesa hata kope. Ulipigiwa makofi. Kisha ukampakia basini, akaja kwangu na maneno hayo kifuani kama shehena.

Tulianza mwanzoni mwa Machi. Mashine ile watu wa zahanati wanaiita nyundo. Anayeiendesha ni Sadala, kijana mwenye shati jeupe na kalamu tatu mfukoni. Tajiri wake alipofungua zahanati aliinunua mashine ikiwa imeshatumika Ulaya, akampeleka Sadala Dar es Salaam majuma mawili kujifunza vibonyezo. Vibonyezo anavijua. Watu hawajui. Kila Alhamisi alikuwa akimpaka Tiampati yale mafuta mazito ya baridi, anaweka kichwa cha mashine kwenye kifundo na kiganja, anamuuliza anasikia nini, Tiampati anajibu hakuna, naye anaandika hakuna. Kisha anaongeza nguvu. Juma la pili hakuna, akaongeza. Juma la tatu hakuna, akaongeza. Kiganja kikavilia damu, kikawa cha zambarau, naye anauliza akiwa ameangalia karatasi.

Hata juu ya kovu, Baba, upande wa mkono ambao haukukatwa kitu, ambako mimi au wewe au ng'ombe angesikia, Tiampati alijibu hakuna. Mtu mzima mwenye kalamu tatu hakujiuliza inawezekanaje. Nilimwambia baadaye kwamba hata gogo angeliandikia hivyo hivyo. Alinijibu kuwa kazi yake ni kuandika anachoambiwa.

Tuliyekuwa tukipishana naye siku hizo ni Mama Hajira, mchuma chai wa Dindira, aliyejikata kiganja kwa panga la kupogolea. Yeye naye aliungwa mshipa, na alianza nyundo juma moja na sisi. Huyo mama alikuwa akipiga kelele mpaka wauza nyanya wa nje wanasimama. Anamtukana Sadala pamoja na ukoo wake kwa Kishambaa, kisha anamwomba msamaha kwa Kiswahili, kisha anaanza tena. Hapo inauma, hapo haiumi, hapo inakimbia kwenye kidole cha shahada, punguza, umeniua, rudisha pale pale. Sadala alijaza karatasi yake mbele na nyuma. Tulimcheka sana kwenye benchi. Mwezi uliopita Dokta Mbaruku alimgonga kiganjani akamwambia mshipa wake umeshafika kwenye mizizi ya vidole, arudi nyumbani aendelee na mazoezi. Amerudi Dindira. Juzi kamleta mwanawe kwa daktari wa meno, akapita kwangu kunisalimu, na kwa vidole vile alishika kikombe cha chai akaniambia kina moto.

Karatasi ya Tiampati ina neno moja tu, limeandikwa mara kumi.

Alhamisi ile ya katikati ya Mei daktari aliisoma, akamgonga kuanzia kovu hadi kiganjani, akamuuliza kwa upole kila anapogonga. Hakuna. Kisha akaeleza. Alisema ikiwa miezi mitano imepita na mshipa haujatoa dalili, maana yake umekwama kwenye kovu, na akiendelea kusubiri nyama za mkono zitanyauka. Itabidi afungue tena, akate pale palipoungwa na kila kilichoota mbele yake, achukue kipande cha mshipa mwingine kutoka mguuni nyuma ya kifundo, aunge upya. Mguu utabaki na ganzi ubavuni. Mkono utaanza safari yake upya kutoka mwanzo, na hakuficha kwamba safari ya pili huwa haifiki mbali kama ya kwanza. Akapanga Alhamisi tarehe 10 Juni. Atapita hapa zahanati kumwangalia mara ya mwisho, kisha atamchukua kwenye gari lake kwenda hospitalini.

Ndipo nikasema. Nilimwambia daktari kwamba asimkate, mshipa unaota, huyu anasikia, na amekuwa akidanganya tangu siku ya kwanza kwa sababu kwetu mwanamume haonyeshi. Sikusema analia, Baba. Hayo ni yake mwenyewe, na naona aliyapika njiani. Nilisema anasikia.

Daktari aligeuka akamuuliza kama ni kweli. Tiampati alimtazama usoni akasema dada yake ana huruma nyingi na mambo ya hospitali hayajui. Daktari akabonyeza kovu kwa kidole gumba, kwa nguvu, mpaka ukucha wake ukawa mweupe. Mwanao hakupepesa kope. Ungemwona ungechinja dume. Daktari akaniambia kwa adabu kwamba yeye anamtibu mgonjwa, hawezi kumpasua wala kuacha kumpasua mtu kwa maneno ya ndugu. Kabla jua halijazama Tiampati alikuwa amefunga mfuko wake na kupanda basi la Handeni bila kuniaga.

Utauliza nimejuaje kuwa anasikia. Nilimwona. Alikuwa amekaa jikoni kwangu akipiga hadithi na Meshaki, nikamwekea uji mezani, na yeye bila kuangalia akanyoosha mkono wa kulia kuuchukua. Vidole vilipogusa bakuli mkono uliruka. Uliruka wenyewe, Baba, akiwa katikati ya neno. Kisha akatazama huku na huku kuona kama kuna aliyemwona, akaurudisha mkono ule ule, akalishika lile bakuli kwa nguvu na kulibeba mpaka midomoni. Meshaki hakuona. Mimi niliona. Mkono uliokufa hauruki.

Kwa hiyo nina hasira na wewe. Naandika wazi, na ukitaka kunilaani utanilaani ukishamaliza kusoma. Kutopepesa kope ni kwa ajili ya kisu cha jando, kwa siku moja, mbele ya watu wanaojua wanatazama nini. Wewe umemfanya abebe siku ile mpaka kwa daktari anayemuuliza swali ili apone. Na jina la boma limekuwa safi, hilo nakupa. Jina ni safi, na mkono unakwenda kukatwa.

Nimeandika mpaka hapa, nikaweka kalamu, nikaenda kukamua, nikarudi. Nilitaka nimalizie hapo. Lakini nikikutumia barua hii hivi ilivyo nitakuwa nimekuandikia kama Sadala, nusu ya kilichopo.

Siku ya kwanza kabisa, ile Alhamisi ya Machi, nyundo ilipogonga mara ya kwanza, Tiampati aliuvuta mkono. Aliuvuta akasema, Yeyo. Alimwita mama yake kwa sauti, mtu mzima yule, na Sadala akasimamisha mashine na kushika kalamu ili aandike. Pazia lilikuwa wazi. Kwenye benchi walikuwapo wanawake watano sita, na nilisikia mmoja wao akicheka. Mimi niliyekuwa nimekaa pembeni ya kitanda niliinama sikioni mwake nikamwambia kwa lugha yetu kwamba watu wanamtazama, kwamba aache kunitia aibu, kwamba wewe ungemwona ungekwenda kulala porini. Akanitazama. Sitasahau jinsi alivyonitazama, kama mtu aliyeshika mlango akakuta umefungwa na mtu wa ndani. Kisha akamwambia Sadala aendelee, amestuka tu, hakuna anachosikia. Lile neno hakuna alilitamka kwa mara ya kwanza baada ya kauli yangu, si yako.

Na siku ya bakuli la uji haikuwa juzi. Ilikuwa juma la nne, mwanzoni mwa Aprili. Nilijua tangu siku hiyo, na nilikwenda naye zahanati Alhamisi sita baada ya hapo nikakaa pale pale pembeni ya kitanda nikisikia anajibu hakuna. Nitakuambia kwa nini, ingawa naona aibu kuliko siku yoyote ya maisha yangu. Wale wanawake wa benchi walikuwa wameacha kucheka. Walikuwa wananiuliza kama kweli huyo ni ndugu yangu, wanasema Wamasai si watu wa kawaida, wanamnyooshea kidole Mama Hajira wakimwambia ajifunze kwa morani. Mimi ninayeitwa Mama Maziwa mji mzima, ninayepishwa njiani kwa sababu ya harufu ya vibuyu, nilikuwa nakaa kwenye lile benchi nimenyoosha shingo. Nilikuwa nasubiri Alhamisi ifike. Daktari aliposema neno kukata ndipo nilipozinduka, na wakati huo Tiampati alikuwa ameshajenga ukuta ambao mimi siwezi kuubomoa, kwa sababu tofali la kwanza niliweka mimi. Akinitazama anamwona yule yule aliyemwinamia sikioni. Nikisema leo kwamba aseme, anajua nilishasema asiseme, na anaona la kwanza ndilo la kweli na la pili ni la woga wa kike.

Kwa hiyo hasira yangu igawe. Fungu lako chukua, langu ninalo, na ni kubwa.

Ninachotaka ni hiki. Panda basi la Jumatano pamoja naye. Lala hapa kwangu, kitanda kipo. Alhamisi asubuhi ingia naye kwenye kile chumba, wewe mwenyewe, na fimbo yako na shuka lako, pazia likiwa wazi ili watu wa benchi waone. Daktari atakapogonga, mwambie mwanao aseme inauma. Usimtume mtu, usiandike, usimpe maneno hayo kondakta. Tiampati ana masikio mawili na yote ameyageuzia kwako. Akisema hapa, daktari ataandika hapa, na kisu kitarudi kwenye mfuko. Ni neno moja, Baba, na hakuna mwingine anayeweza kumfungulia.

Ukiona huwezi, basi mlete tu mpaka stendi urudi. Nitasimama mbele ya Dokta Mbaruku na Sadala na benchi zima, niseme haya yote niliyokuandikia, niseme mimi ndiye niliyemziba mdomo. Kisha nitaukamata mkono wa mdogo wangu na kuung'ata penye kovu mpaka alie watu wasikie hadi sokoni. Atanichukia mpaka nife, na wewe pia. Sawa. Atakuwa na mkono wa kunipigia.

Nisalimie Yeyo, mwambie dawa ya goti nitaituma Jumamosi. Wasalimie wote wa bomani, wakubwa kwa wadogo, na majirani wanaoniulizia. Meshaki anasema shikamoo na watoto wote wanasema shikamoo babu. Tiampati usimsalimie, nitamsalimia mwenyewe akishuka kwenye basi.

Ni mimi mwanao ninayekuheshimu, hata leo,

Nasinkoi Parsaoti